Dhoni Alijiuzulu, Nyumba Hazikuisha

Aprili 2016, wakazi wa Sapphire, mtaa wa maghorofa katika Sekta ya 45 ya mji wa Noida nchini India, walichoka kumwandikia mjenzi wao. Kampuni iliyowauzia nyumba, Amrapali, ilikuwa imewaingiza ndani kabla kazi haijakwisha. Ujenzi ulikuwa na viporo, umeme ulikuwa na viporo, na malalamiko yao hayakuzaa kitu. Ndipo wakaamua kumwandikia mtu mwingine kabisa. Walimgeukia Mahendra Singh Dhoni, nahodha wa kriketi aliyeipa India Kombe la Dunia la 2011, kwa sababu sura yake ndiyo iliyopamba matangazo ya Amrapali. Wakaingia Twitter, wakamtaja kwa jina, wakatunga alama ya reli iliyosema kwamba Amrapali inalitumia jina lake vibaya, na wakamtaka achague: awasukume wajenzi wamalize kazi, au ajitoe.

Mambo yakaenda mbio. Magazeti na televisheni zikaidaka habari ile, Dhoni akasema atazungumza na kampuni, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameuacha ubalozi wake wa kuitangaza Amrapali. Watu wa kawaida, silaha yao simu tu, walimfikia mmoja wa wanamichezo wanaopendwa kuliko wote nchini India na kumfanya achukue hatua. Ulikuwa ushindi wa kweli, na waliosherehekea walikuwa na haki ya kusherehekea.

Lakini Amrapali haikuwa na Sapphire peke yake. Katika Noida na jirani yake Greater Noida, kampuni hiyo ilikuwa imechukua fedha za wanunuzi zaidi ya 42,000, na wengi wao hawakuwa na hata mlango wa kulalamikia. Walikuwa na namba ya ghorofa, namba ya nyumba, na nguzo za zege zilizosimama bila kuta. Kuondoka kwa Dhoni hakukuongeza tofali moja kwenye nguzo zile. Ilipita zaidi ya miaka mitatu mingine kabla mtu yeyote mwenye mamlaka hajatamka waziwazi fedha zao zilikokwenda, na kilichomlazimisha atamke hakikuwa alama ya reli.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu njia waliyoanza nayo watu wa Sapphire ndiyo inayotujia upesi na sisi. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam aliyelipia nyumba kwenye ramani, akasubiri mwaka wa kwanza, akasubiri wa pili, siku hizi hakosi kundi la WhatsApp la wenzake. Humo hasira zipo, picha zipo, na mara nyingi yumo mmoja mwenye wafuasi wengi Instagram au X. Nguvu ipo. Linalobaki ni kujua nguvu hiyo inauma wapi na wapi haiumi.

Kwanza tuone fedha zilivyokuwa zikitembea. Ardhi ya Noida iko mikononi mwa mamlaka ya serikali yenye jina hilohilo, iliyoundwa mwaka 1976 kuendeleza mji mpya ng'ambo ya mto Yamuna, pembeni mwa Delhi. Mamlaka hukodisha viwanja kwa wajenzi kwa miaka 90. Katika miaka ya neema ya biashara ile, mjenzi alitakiwa kutanguliza asilimia 10 tu ya bei ya kiwanja, iliyobaki ailipe kwa awamu. Kwa hiyo mtu mwenye mtaji mdogo aliweza kushika ardhi kubwa, akachora ramani, akaweka bango, akaanza kuuza. Mnunuzi alitia saini mkataba, benki ikamkopesha, lakini fedha za mkopo hazikupita mkononi mwake. Benki ilimpelekea mjenzi moja kwa moja, na mnunuzi akabaki na marejesho ya kila mwezi. Alilipa benki kwa nyumba asiyoiona, na wakati huohuo akalipa kodi ya pango kwa nyumba anayolala. Maelfu ya familia za Noida ziliishi hivyo miaka na miaka, na watoto waliochaguliwa vyumba vyao kwenye ramani wakawa wakubwa katika nyumba za kupanga.

Mjenzi alipopata fedha za mradi wa kwanza hakuzimalizia hapo. Alizitanguliza kwenye kiwanja cha mradi wa pili, akaweka bango jipya, wanunuzi wapya wakaja, na fedha zao zikaenda kwenye kiwanja cha tatu. Alimradi watu wapya waliendelea kuja, mashine iliendelea kuzunguka, na kila mradi ulionekana kuwa na kazi kidogo inayoendelea. Siku wanunuzi wapya walipopungua, kila kitu kikasimama mara moja.

Katika biashara ya namna hiyo, sifa ndiyo mafuta ya mashine. Ndiyo maana kampuni ilimhitaji Dhoni. Na ndiyo maana sauti ya wanunuzi mtandaoni humwumiza mjenzi anapokuwa bado anauza. Mteja wa kesho akisoma malalamiko ya mteja wa jana kabla hajatoa fedha, mjenzi anapoteza fedha siku hiyohiyo. Hapo ataitisha kikao, ataleta mafundi, ataomba machapisho yafutwe. Lakini mjenzi aliyekwisha kuuza kila alichoweza kuuza, aliyekwisha kuzitawanya fedha, haogopi tena alama ya reli. Hana mteja wa kumpoteza. Wanunuzi wa Amrapali walipopiga kelele kubwa zaidi, mwaka 2016, mauzo makubwa yalikuwa yamepita zamani. Kelele zilimuuma mtu aliyekuwa bado na jina la kulinda, naye ni Dhoni. Aliyeshika fedha hazikumuuma.

Kuna wengine waliokuwa na jina la kulinda, ambao karibu hawakuguswa na umati ule: mabenki yaliyotoa mikopo bila kuangalia kama jengo linapanda, na mamlaka ya ardhi iliyoendelea kumvumilia mdaiwa wake. Meneja wa benki hana mashabiki. Hakuna anayetunga alama ya reli juu ya ofisa mipango miji. Hata hivyo benki kila mwaka inatafuta wateja wapya, na mamlaka ya serikali ina waziri anayejibu maswali bungeni na kwenye uchaguzi. Hao hawafungi ofisi na kutokomea. Naamini kwamba kama nusu ya nguvu iliyopelekwa kwa mchezaji ingepelekwa kwao tangu mapema, kwa swali moja tu lililoulizwa kila siku, yaani fedha mlizompa zimejenga nini, familia nyingi zingepunguziwa miaka ya mateso.

Mwaka 2016 huohuo Bunge la India lilipitisha sheria ya kusimamia wajenzi wa nyumba za kuuza, inayojulikana kwa kifupi chake, RERA, baada ya wanunuzi wa miji mingi kuipigania kwa muda mrefu. Sheria hiyo inamtaka mjenzi asajili mradi kabla ya kuuza, na aweke asilimia 70 ya fedha za wanunuzi kwenye akaunti ya pekee kwa ajili ya mradi uleule. Ilikuwa hatua kubwa. Kwa watu wa Amrapali ilikuwa imechelewa, kwa kuwa fedha zao zilikwisha kuondoka.

Pigo la pili likatoka upande ambao wengi hawakuutazamia. Mwaka 2017, Benki ya Baroda iliipeleka kampuni mojawapo ya kundi la Amrapali kwenye baraza la ufilisi. Kisheria mwenendo huo ulikuwa sawa: mdaiwa hajalipa, mdai anadai. Lakini wanunuzi walipoisoma sheria mpya ya ufilisi, damu iliwaganda. Benki ilikuwa na dhamana, kwa hiyo ilikuwa mbele ya foleni. Mnunuzi aliyelipa karibu bei yote ya nyumba hakuhesabika kuwa mdai wa fedha kama benki ilivyohesabika. Kampuni ikiuzwa vipandevipande, benki itachukua chake, na mnunuzi atasubiri makombo, huku benki ileile au nyingine ikiendelea kumdai marejesho ya mkopo.

Hapo ndipo baadhi ya wanunuzi walipobadilisha mwendo. Walikwenda Mahakama ya Juu ya India kwa ombi la pamoja. Makundi yaliyokuwa yakirushiana picha na matusi kwa mjenzi yalihitaji sasa kitu kingine kabisa: mikataba, risiti, taarifa za mkopo kutoka benki, barua za mgao wa nyumba, na orodha ya nani alilipa kiasi gani, lini, kwa mradi upi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mahakamani wenye madaftari ndio waliosikilizwa. Mitandao haikuachwa. Ilipewa kazi mpya, ya kuwatafuta wanunuzi waliotawanyika miji mingi, kuwaeleza tarehe za kesi, na kuwakusanyia michango ya mawakili. Kazi hiyo haina shangwe, na ndiyo iliyoleta matunda.

Shinikizo la nje nalo halikukosa faida. Juni 2018 serikali ya India ilibadilisha sheria ya ufilisi, na wanunuzi wa nyumba wakatambuliwa kuwa wadai wa fedha, wenye kiti na kura kwenye kamati ya wadai. Wanunuzi waliolia kwa miaka mingi, mitaani na mitandaoni, walikuwa wamejifunza kuomba jambo moja linaloweza kuandikwa kwenye kifungu cha sheria.

Mahakama ya Juu ilipoitaka Amrapali ilete hesabu zake, hesabu hazikuja. Tarehe 9 Oktoba 2018 majaji waliamuru mwenyekiti wa kampuni, Anil Sharma, na wakurugenzi wenzake wawili washikiliwe na polisi hadi nyaraka zote zikabidhiwe. Majengo tisa yaliyohifadhi nyaraka hizo, saba katika Noida na Greater Noida na mawili katika jimbo la Bihar, yakapigwa lakiri. Wakaguzi wawili walioteuliwa na mahakama wakaingia kazini.

Walichokikuta kinapaswa kusomwa na kila mtu anayetaka kulipia nyumba ambayo haijajengwa. Kulikuwa na makampuni zaidi ya 20 yaliyoandikishwa kwa majina ya matarishi, wahudumu wa ofisi na madereva, watu ambao mishahara yao isingetosha kununua hata choo cha nyumba zile. Kulikuwa na nyumba za kifahari zilizoandikwa kuuzwa kwa rupia 1, rupia 5 au rupia 11 kwa futi ya mraba, kwa majina ya mamia ya watu. Fedha za wanunuzi zilizohamishwa kwenda kusikohusika na nyumba zao zilizidi rupia bilioni 30.

Na katika karatasi hizohizo likatokea jina lililotuanzishia habari hii. Kati ya 2009 na 2015, Amrapali ilikuwa imeilipa Rhiti Sports, kampuni iliyosimamia mikataba ya Dhoni, rupia milioni 422.2. Kati ya hizo, milioni 65.2 zilitoka kwenye kampuni ya mradi wa Sapphire, mradi uleule ambao wakazi wake walikuwa wakimsihi Dhoni awasaidie. Mahakama ilisema fedha hizo ni za wanunuzi, kwamba zilipelekwa isivyo halali, na kwamba mikataba iliyotumika haisimami mbele ya sheria. Ikaagiza zirejeshwe. Dhoni mwenyewe, kabla ya hukumu hiyo, alikuwa amefika mahakamani mwaka 2019 kama mdai: alidai ada zake za ubalozi ambazo hazikulipwa, na nyumba aliyoilipia Ranchi ambayo hakukabidhiwa. Naye alikuwa kwenye foleni.

Tulitafakari hilo kidogo. Mwaka 2016 wakazi wa Sapphire walidai mchezaji ajitenge na kampuni, akajitenga, na kila mtu akaona haki imetendeka. Kumbe swali lililofaa zaidi lilikuwa la kihasibu: tangazo hili mlililipia kwa fedha za nani? Swali hilo halingepanda chati za Twitter. Lakini ndani yake mlikuwa na rupia milioni 65.2 zilizotoka kwenye mradi wao wenyewe, na jibu lake lilikaa kwenye makabrasha miaka mingine mitatu mpaka mkaguzi alipolifungua.

Hukumu ilisomwa tarehe 23 Julai 2019. Majaji Arun Mishra na Uday Umesh Lalit walifuta usajili wa Amrapali chini ya RERA, wakaifutia ukodishaji wa ardhi, wakakabidhi kazi ya kumalizia nyumba kwa NBCC, shirika la ujenzi la serikali, na wakamteua wakili mwandamizi R. Venkataramani kuwa msimamizi wa mahakama. Waliyashutumu mabenki na mamlaka za ardhi waziwazi kwa kumwachia mjenzi afanye alivyotaka, na wakaamua kwamba wala benki wala mamlaka haitauza nyumba za wanunuzi ili kujilipa madeni ya Amrapali. Kwa maneno mengine, waliotajwa katika hukumu ni walewale ambao umati wa mtandaoni haukuwasumbua.

Katika mji huohuo wa Noida kuna habari nyingine inayoonyesha njia hii ikifuatwa tangu mwanzo. Wakazi wa Emerald Court, Sekta ya 93A, waliuziwa nyumba na kampuni ya Supertech wakiambiwa mbele ya majengo yao patakuwa na bustani. Badala ya bustani wakaona msingi wa minara miwili ukichimbwa. Walifanya jambo ambalo ningetamani kila chama cha wanunuzi kilifanye wiki ya kwanza: waliomba ramani zilizoidhinishwa. Mamlaka ya Noida, badala ya kuwapa, ilimwuliza mjenzi kama anaridhia ramani zitolewe. Mjenzi akakataa, na mamlaka ikanyamaza. Kukataa huko kwenyewe kukawa ushahidi. Mwaka 2012 chama chao kilikwenda Mahakama Kuu ya Allahabad, kikachangishana, kikashinda mwaka 2014, na tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba minara ilijengwa kinyume cha kanuni. Moja ya makosa ni kuwa umbali kati ya majengo ulikuwa mita 9 pale kanuni zilipotaka mita 16. Tarehe 28 Agosti 2022 minara yote miwili, yenye urefu wa karibu mita 100, ililipuliwa kwa kilo 3,700 za baruti. Dunia nzima ilitazama video ya sekunde zile chache. Miaka ya barua na mafaili haina video, ndiyo maana inasahaulika.

Sisemi kwamba mtandao hauna kazi. China imeonyesha kazi yake mojawapo ambayo hakuna kitu kingine kingeiweza. Tarehe 30 Juni 2022, wanunuzi wa mradi mmoja wa kampuni ya Evergrande katika mji wa Jingdezhen walitangaza kwa barua kwamba wataacha kulipa marejesho ya mikopo yao kama ujenzi hautaanza tena kabla ya tarehe 20 Oktoba. Barua ilisambaa, miradi mingine ikaiga, na mtu au watu fulani wakafanya jambo la akili sana: waliandika orodha. Mradi, mji, mjenzi, barua ya wanunuzi. Machapisho yalipoanza kufutwa na wadhibiti, orodha ikawekwa GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu wa China wanapategemea kwa kazi zao za kila siku, na ambapo si rahisi kupafunga. Orodha ikapita miradi 300. Kabla ya hapo kila mnunuzi alidhani amepatwa na bahati mbaya ya kwake. Baada ya orodha, benki na wakuu wa chama tawala waliona ukubwa wa jambo kwa kutazama mara moja, na mwishoni mwa Julai Ofisi ya Siasa ya chama hicho ilitamka kwamba serikali za mitaa zina wajibu wa kuhakikisha nyumba zinakabidhiwa. Gharama nayo ilikuwepo, kwa sababu mtu akiacha kulipa mkopo anaweka hatarini rekodi yake ya kukopesheka hata kama haki iko upande wake. Na Evergrande yenyewe haikupona. Mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe tarehe 29 Januari 2024.

Orodha ile ya China, ukiiangalia vizuri, ni daftari la umma. Haina matusi. Haina dhana juu ya tabia ya mtu. Kila mstari unaweza kuhakikiwa.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki, maana huku mnunuzi mwenye hasira anaweza kugeuka mshtakiwa kwa sentensi moja. Kenya iliwahi kuwa na ukurasa wa Facebook uliojulikana sana kwa jina la Buyer Beware, ambako watu walionyana kuhusu biashara walizodai zimewatapeli. Machapisho ya ukurasa huo yaliwafanya watu wawili washtakiwe kwa kosa la jinai la kukashifu. Kesi yao ndiyo iliyomfikisha Jaji John Mativo, tarehe 6 Februari 2017, kutamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Tangu hapo kashfa ya maneno si jinai tena chini ya kifungu hicho, na waandishi wa mtandaoni wanapaswa kuwashukuru waliolipia ushindi huo kwa usumbufu wa maisha yao. Lakini kesi ya madai bado ipo, nayo inaweza kumgharimu mtu kuliko nyumba aliyoipoteza. Sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya Kenya ya mwaka 2018 iliweka adhabu kwa uchapishaji wa taarifa za uongo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ina kifungu cha namna hiyo.

Mjenzi mwenye wakili mzuri huyasoma makundi ya wanunuzi kwa kalamu nyekundu. Anatafuta neno "mwizi". Anatafuta neno "tapeli" lililoandikwa karibu na jina lake. Akilipata, kesho yake habari si tena nyumba zilizochelewa, ni heshima yake iliyochafuliwa, na aliyeandika anaachwa peke yake atafute fedha za utetezi huku wenzake wakitoka kwenye kundi mmoja mmoja. Nimeona haja ya kulisema hili bila kuzunguka kwa sababu wanaoandika maneno hayo mara nyingi ndio wenye uchungu wa kweli kuliko wengine wote, na ndio wanaoumizwa mara ya pili.

Andika kinachoweza kuonyeshwa. "Mkataba wangu unasema nyumba itakabidhiwa Desemba, nimelipa asilimia 80, hii hapa picha ya jengo iliyopigwa leo na gazeti la leo likionekana." Sentensi ya namna hiyo ikiandikwa na watu 200 kwa siku moja, kila mmoja na risiti yake, inamtisha mjenzi kuliko matusi 2,000, na wakili wake hana pa kuishika. Inamfaa pia mwandishi wa habari, kwa kuwa mhariri wake ataomba ushahidi kabla ya kuchapa. Inamfaa benki inayotaka kujua mkopo wake umejenga nini. Na mambo yakifika mahakamani, imekwisha kuwa jalada.

Lipo jambo la ndani ya makundi yenyewe, nalo lina aibu kidogo kulitaja. Mjenzi aliyebanwa hawezi kuwalipa wote, lakini anaweza kumlipa mmoja. Atamwita mwenye sauti kubwa, msimamizi wa kundi au yule mwenye wafuasi wengi, atamkabidhi nyumba yake kwanza au kumrudishia fedha zake zote kwa sharti la kunyamaza. Mtu huyo ana watoto, ana mkopo, na kumhukumu ni rahisi kwa asiyewahi kulipa kodi ya pango na marejesho ya benki kwa mpigo. Dawa si kumtafuta malaika. Dawa ni kwamba nakala za nyaraka zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, orodha ya malipo iwe mikononi mwa watu kadhaa, na chama kisajiliwe kikiwa na katiba na saini za benki zisizopungua tatu. Hapo hata msimamizi akinunuliwa, kilichonunuliwa ni mdomo wake tu.

Wakati wa kuanza ni kabla mjenzi hajamaliza kuuza. Mnunuzi aliyetoa malipo ya kwanza wiki iliyopita ana nguvu kuliko atakavyokuwa nayo baada ya miaka mitatu, maana bango bado liko juu na ofisi ya mauzo bado inapokea wageni. Maswali ya wakati huo ni machache na hayamtukani mtu: hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, imewekwa rehani kwa benki ipi, fedha zetu zinaingia akaunti gani, nani anasaini zitoke, na ramani iliyoidhinishwa inafanana na hii mliyotuonyesha? Yaulizwe kwa barua, nakala ya barua iwekwe hadharani, na siku zinazopita bila majibu zihesabiwe hadharani vilevile. Mjenzi mwaminifu atajibu na atauza zaidi kwa sababu amejibu.

Watu wa Amrapali hatimaye walianza kukabidhiwa nyumba zilizomaliziwa na NBCC, mradi mmoja baada ya mwingine, kazi iliyochukua miaka mingi baada ya hukumu. Haikuwa bure. Mahakama iliwataka wanunuzi waliobakiwa na salio la bei walilipe salio hilo, kwa kuwa bila fedha hizo shirika lisingeweza kununua saruji. Safari hii hawakumlipa mjenzi. Waliweka fedha zao kwenye akaunti ya UCO Bank iliyofunguliwa chini ya usimamizi wa Mahakama ya Juu yenyewe, na kila malipo yaliandikwa dhidi ya jina la mnunuzi, mradi wake na namba ya nyumba yake.